Gilasi Kumi na Nne

Augusta, mwezi Machi. Theluji imegeuka rangi ya majivu.
Mimi ndiye niwekaye maji mezani:
gilasi kumi na tatu upande wa wanaouliza,
moja upande wa anayeulizwa.

Gavana amemteua Bi Odette Thibodeau awe jaji.
Ameapa. Ameketi. Koti la kijivu,
kifungo kimoja si cha ukoo wa vingine.

"Mwaka wa tisini na nane," asema seneta,
akilamba kidole apate kufunua faili,
"uliandika kwamba sheria ni mlango
unaofunguliwa kutoka ndani tu.
Ulikuwa na maana gani?"

Mimi nilielewa.
Mlango wa stoo yangu una kitasa upande mmoja.

Yeye akanywa maji. Akanyamaza
hata karani akaacha kupiga chapa.
"Nilikuwa na miaka ishirini na sita," akasema,
"na nilikuwa nje."

Nyuma, baba yake, mkata magogo mstaafu,
kifaa cha sikio kikampigia mluzi.
Hakuna aliyecheka.
Mwenyekiti akaanza kuita majina:
ndiyo, ndiyo, hapana, hapana, ndiyo,
kura zikidondoka kama maji ya paa bovu,
hulali, wala huwezi kuyaharakisha.

Saba kwa sita.
Na bado Seneti nzima, Alhamisi.

Wakaondoka na mafaili yao.
Nikakusanya vyombo.
Gilasi zao kumi na tatu zimejaa nilivyozijaza.
Yake tupu, na ukingoni
alama ya mdomo, wekundu hafifu,
ambayo sikuiosha upesi.