Kifungu cha Tisa

Waliniambia nifike saa nne, wakaniita saa saba.
Kabla yangu alisema wakili wa kampuni,
suti haina kunyanzi, maji yake ya chupa.
Mimi nilikuja na ovaroli, maana Jumanne ni siku ya kazi
na hapa Tororo hakuna anayekulipa kwa kusubiri.

Jina? Nyaketcho Perusi.
Makazi? Barabara ya Malaba, pale penye kontena la bluu,
mwamba ukiwa mkono wako wa kushoto.
Kazi? Wakaitazama mikono yangu, wakaandika wenyewe.

Waheshimiwa, mswada nimesomewa.
Kifungu cha tisa kinasema
aundaye gari asimiliki karakana ya kulitengeneza,
si kwa jina lake, wala kwa jina la shemeji.
Hilo la shemeji nimeongeza mimi.
Liandikeni.

Sasa sikilizeni habari ya lori la Emuria.
Lori jipya, la mkopo, viti bado vimevaa nailoni.
Lilizimika Aprili, mvua inanyesha, kilomita nne kabla ya mpaka,
mgongoni mifuko mia sita ya simenti.
Nikalala chini yake.
Ugonjwa niliujua kabla sijawasha tochi:
kihisio cha mafuta, kitu cha ukubwa wa kidole gumba,
na cha namna hiyo ninacho ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Nikakifunga. Lori likakataa.
Kioo kikaandika: MWONE FUNDI ALIYEIDHINISHWA.
Kamwidhinisha nani? Aliyeliunda.
Karakana ya nani? Yake.
Bei anapanga nani?
Mbona mnanitazama kana kwamba nimetega kitendawili?

Huyo fundi alifika siku ya tisa, kutoka Kampala,
kompyuta kifuani kama mtoto mchanga.
Spana hakushika. Aliandika neno la siri, dakika tatu,
akatoa ankara.
Turubai lilikwisha chanika.
Simenti ilikuwa imekunywa maji usiku nane,
ikawa mwamba wa pili wa Tororo,
huu mdogo, wenye magurudumu,
ambao hakuna mtalii atakayeupanda.
Emuria aliuvunja kwa nyundo, wiki mbili.
Benki haikungoja amalize.

Wakili akainuka. "Na breki bandia, mama?
Na mafundi wa vichochoroni wanaoiba vipuri?"
Kweli. Nawajua. Mmoja nilimfundisha mwenyewe,
nikamfukuza, akafungua kibanda ng'ambo ya barabara,
na wateja anao.
Tena iko kweli nyingine ambayo wakili hakuiuliza:
mimi nilijifunzia kwao.
Jinja, karakana ya kampuni, miaka minne,
sakafu safi, ungemwaga ugali ukaula.
Msimamizi wetu alinionyesha namna ya kusikiliza injini,
bisibisi ncha yake chumani, mpini sikioni.
Hata leo nasikiliza hivyo.
Sina chuki nao. Nikikutana nao nawaamkia.

"Kwa hiyo unataka tuwafukuze?" akauliza mwenyekiti.
Hapana.
Wauze magari. Watufundishie watoto.
Lakini anayeniuzia kiatu
asiwe na shamba la miiba njiani.

Kimya. Juu yetu beringi ya feni ilikuwa inalia;
nusura niombe ngazi.
Mwenyekiti akasema watalitafakari,
na wakili akatabasamu, si kwa ubaya,
kama mtu aliyelisikia neno hilo
katika kumbi nyingi kuliko mimi.

Simu ikatetemeka mfukoni:
gari la maziwa limezima mzunguko wa Malaba,
na jua ndilo hilo.
Nikaomba ruhusa.
Mlangoni, katika daftari la mahudhurio,
niliacha sahihi, na kando yake doa la grisi.
Karani akalipangusa kwa leso yake.
Likaenea.