Jaribio la Saba

Uxía kakata tyubu kuukuu ya baiskeli,
kaipitisha begani, mgongoni, hadi pajani,
kaifunga kwa bizimu ya mkoba wake wa shule.
"Inama, mama."

Dorinda anainama. Maji ya Arousa magotini,
reki mkononi, kombe wamejificha mchangani.
Miaka thelathini na minane kiuno chake kimelipa ushuru
wa kila kilo iliyofika sokoni.

La kwanza lilimkwaruza. La nne lilimkata pumzi.
La tano alilitupa jikoni, akalitukana.

Leo mpira unavutika, unabeba,
unamrudisha wima taratibu
kama mtu aliyemshika kwa nyuma.

Anasimama. Anageuka kutazama:
hakuna mtu.
"Legeza kidogo hapa," anasema,
na anainama tena, bila kuambiwa.