Gauni Lisilorudi Nyuma

Thunder Bay, Januari. Saa kumi na moja jioni, giza limeshaingia,
nami niko juu ya ngazi nafunga taa ya kumi na tatu,
spana imefungwa kiunoni kwa kamba
ili ikiniponyoka isimuue mtu.

Chini yangu wanahesabu.
Tano, sita, saba, nane:
kundi la Tessa Hautala, vijana saba pekupeku,
miili inayojua kuanguka bila kuumia,
kuviringika kama maji yaliyomwagwa kwenye sinia.
Tano, sita, saba, nane.

Verna Moonias hahesabu.
Ameketi kando, kwenye kiti cha plastiki,
anakaza kamba za viatu vya ngozi
ya mnyama aliyewindwa na shemeji yake.
Gauni liko mapajani, njuga za bati safu kwa safu,
mia tatu sitini na tano, kaniambia,
nimezikunja mwenyewe kwa koleo.
Akiinuka tu, chumba kizima kinanyeshewa.

Lugha yangu ina neno moja, ngoma,
la chombo, la mchezo, la watu waliokusanyika,
hata la pepo anayetibiwa kwa kuchezewa hadi alfajiri.
Sikujua kama ni neno zito
mpaka wiki ya pili ya mazoezi, Tessa aliposema,
muziki tutaurekodi, wewe utaingia hapa,
na Verna akauliza:
Wapigaji wangu watakaa wapi?

Kimya. Mashine ya joto ikakohoa.
Kesho yake viti vitano vililetwa jukwaani.

Hayakuwa mapenzi, nisidanganye.
Kuna siku mabango yalitoka kwa mchapaji,
jina la kundi kubwa kama ubavu wa lori,
lake chini kabisa, kama maandishi ya chupa ya dawa.
Akalisoma moja, akalikunja mara nne,
akaliweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba.
Meza ikatulia.
Mabango yakachapwa upya.

Kisha tukafika mwisho wa mchezo.
Tessa alitaka arudi nyuma, polepole,
aingie kwenye giza nililolihangaikia siku mbili,
bluu inayofifia kama kaa.
Verna akasema: Kwa gauni hili harudi mtu nyuma.
Hatua moja tu, akasema Tessa.
Wala nusu.
Hakupaza sauti. Alisema kama anayekuonya
kwamba chai ina moto.
Gauni hili lilikuja kwa ajili ya mtoto aliyeumwa.
Mgonjwa utamwambiaje arudi alikotoka?

Tessa akakaa sakafuni, kichwa kati ya magoti,
akakaa, akakaa. Mimi juu, sishuki, sikohoi.
Halafu akaninyanyulia uso:
Zaituni, ule mlango wa watazamaji,
unaweza kuuwekea mwanga?
Naweza, nikajibu,
kabla sijapiga hesabu ya nyaya.

Usiku wa kwanza: watu mia mbili na ushei, makoti magotini.
Kwetu husema mcheza kwao hutunzwa.
Yeye yuko kwao, kwao kabla ya jengo, kabla ya reli,
na bado kila asubuhi pale mapokezi
alitiwa sahihi kwenye daftari la wageni.

Ngoma ikalia. Vijana wale saba wakaacha kuhesabu,
nilijua kwa midomo yao.
Verna akaja mbele, mbele, akashuka vidato vitatu,
akakata katikati ya viti;
bibi mmoja akavuta miguu, mwingine akasimama
bila kujua kwa nini amesimama.
Mwanga wangu ulikuwa mgongoni pake, kisha begani,
kisha haukumfikia tena.
Mlango ukafunguka. Baridi ikaingia bila tiketi.
Akatoka.

Jukwaani saba, nafasi tupu katikati yao,
na wapigaji watano hawajainua macho.
Kutoka nje, ng'ambo ya ukuta,
tukazisikia njuga juu ya theluji, bado zinakwenda,
zinapita maegesho ya magari, zinaelekea barabarani.
Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.
Kwenye karatasi yangu hakuna aliyeandika
nizime lini.