Ini Halina la Kusemwa

Barua haikuandikwa kwangu.
Imeanza na "Mpendwa Daktari",
nami ndani yake ni "huyu mama, miaka hamsini na minane",
kama mtu aliyesimama nje ya mlango
akisikia anavyosemwa.
Titi langu lilikwenda Dar bila mimi,
ndani ya kopo, na namba ubavuni;
wiki tano baadaye limerudi karatasi,
kurasa mbili, Kiingereza kitupu.

Mbaruku, mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha nne.
Tulikaa barazani, Barabara ya Kumi na Nne,
akanisomea, kidole juu ya maneno,
na kila alipofika pagumu akakohoa.
"Wanasema dawa zipo, mama mkubwa. Wanasema utapona."
Lakini kidole kiliruka mstari.
Nilikiona.

Mimi miaka ishirini na sita nimepanga madaraja ya mkonge
kule Ngomeni, chumba cha brashi,
vumbi la singa likinikaa kwenye kope.
Robota lililofichwa nyuzi fupi katikati
nalijua kabla halijafunguliwa:
linanyamaza vibaya.
Mtoto naye alinyamaza vibaya.

Usiku nikaitoa chini ya mto.
Kiingereza sikijui, tarakimu nazijua.
Niliona 3. Niliona 4/17.
Nikalala nazo hizo mbili
kama wageni wasiosema watokako.

Jumatatu nikapanda Bombo peke yangu.
Nikamwambia Dokta Shemhilu: nisomee. Usiruke.
Akavuta kiti, akaja upande wangu wa meza.

"Vamizi", alisema, ni ule usiobisha hodi.
Kingo ni safi: walipokata hawakuacha mkia.
Matezi kumi na saba yalitolewa kwapani,
manne umeshaingia.
Na tatu?
Akatafuta neno.
Seli hizi, alisema, hazifanani tena na zilizozizaa.
Zina haraka.
Kisha ule mstari aliouruka Mbaruku:
hatari ya kurudi ni kubwa.
Ukatua mezani. Feni ikaendelea.

"Na hapa?"
"Hapa ini. Ini halina la kusemwa."
Nikacheka, naye akashtuka.
Dokta, kwetu mwanamke asiye na la kusemwa
ndiye anayeposwa!
Basi ini langu ni la kuposwa, na mapafu yangu,
mifupa inangoja picha.

Namba tatu hatukuitupa, pale brashi.
Ilisokotwa kamba, ikafunga mizigo ya watu.
Nilianza kujifariji hivyo njiani, nikajikatiza:
uzi si mwili,
wala mimi sipakiwi melini.

Mbaruku alinikuta uani, barua magotini.
Nikamwonyesha mstari wake. "Soma."
Akausoma. Sauti ilimkauka katikati,
akarudi mwanzo, akaumaliza.
Nikamshika ile shingo yake nyembamba.

Kisha tukageuza karatasi,
akaandika maswali ya Alhamisi, mimi nikimtajia:
dripu ya kwanza ni saa ngapi, na inachukua muda gani;
mbirimbi naruhusiwa;
barua ijayo, je, yaweza kuanza na jina langu;
na nywele zikitoka,
zitarudi na mvi zake,
au zitajifanya za msichana?