Kutwa Mara Ngapi

Toleo la kumi na saba lilitoka Ijumaa usiku,
la kumi na nane Jumamosi asubuhi,
kwa sababu la kumi na saba lilisahau nukta.
Nukta moja tu. Panadol ya mia mbili
ikasomeka elfu ishirini huko Buguruni.

Siwatu alinipigia. Hakusalimia.
"Wewe kijana, kwani nimekukopa?
Kila nikiwasha mashine: subiri, inapakua.
Bando la buku limekwisha sijauza hata pamba.
Na kile kitufe cha kijani umekipeleka wapi?"

Nilikuwa nimekihamishia kulia.
Kulia kinapendeza zaidi.
Sikumwambia.

Kijitonyama, ghorofa ya pili,
feni inalalama kama inadaiwa kodi,
Lusajo kasinzia, shavu juu ya kibodi,
ukutani karatasi: KILA WIKI KITU KIPYA.
Tuliamini mtumiaji ni mchumba wa mbali,
usipomwandikia anadhani umekufa.
Hatukufikiri kwamba kuna mchumba
anayelipia kila barua anayoipokea.

Basi tukanyamaza.
Machi tukanyamaza.
Aprili Jangwani pakajaa maji, njia ikafungwa,
tukanyamaza.
Marekebisho tukayarundika kama nguo za kufua,
arobaini na moja, yakingoja siku ya jua.
Siwatu akafurahi: "Siku hizi umetulia. Umeoa?"

Lakini ndani ya lile la kumi na nane
kulikuwa na tundu, na tulilijua.
Dawa inayokwisha muda tarehe thelathini na moja
kijalizi chetu kiliiacha rafuni, hai,
mwezi mzima baada ya kufa kwake.
Lusajo alishona kiraka kwa dakika tisa.
Kiraka kikakaa wiki sita kikisubiri wenzake,
ili toleo lionekane nono.

Nkwabi wa Keko akatutumia picha:
chupa ya kikohozi cha watoto,
lebo inasema imekwisha, skrini inasema bado.
Hakuiuza.
Chini ya picha aliandika: Nashukuru miwani yangu.
Maneno matatu.
Sijawahi kutukanwa kwa adabu namna ile.

Nikaenda Buguruni, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa.
Siwatu alikuwa akihesabu vidonge kwa kijiko,
viwili viwili, bila kuvitazama,
akiandika juu ya bahasha za kaki:
moja mara tatu.
Moja mara mbili.
Moja, usiku tu, na usiendeshe bodaboda.
Mzee mmoja alitaka sindano. Akamnyima.
"Huumwi, umechoka. Kanywe maji, ulale."

Nikauliza, nusu utani:
Na mimi je? Kutwa mara ngapi?

Hakuinua macho.
"Unatibu nini?
Kidonda hukiambii kingoje mwisho wa mwezi.
Poda ya uso, ingoje hata mwaka.
Wewe umenipaka poda kila siku
na kidonda ukakifungia kabatini."
Akafunga bahasha, akaikunja sikio.
"Halafu dawa inayomfanya mgonjwa
aogope kumeza nyingine, hiyo si dawa."

Nilirudi kwa miguu mpaka Ilala, ndipo nikakumbuka nauli.

Usiku ule kiraka kilitoka peke yake,
chembamba, hata picha ya simu ni nzito zaidi,
saa tisa, bando za usiku zikiwa rahisi.
Yale mengine arobaini Lusajo anataka yatoke Jumatatu,
mimi nasema Juni, bosi anasema tuone.
Vidole vinaniwasha.
Kuna rangi ya samawati nimeipata, nzuri mno,
nimeificha kwenye faili
nililolipa jina la bibi yangu ili nione haya kulifungua.

Kwenye maelezo ya la kumi na tisa niliandika mstari mmoja:
Kitufe cha kijani kimerudi kushoto.

Wiki ya tatu hii Siwatu hajapiga.
Sijui amepona,
au amezima masasisho.