Ghorofa ya Nne, Karibu na Lifti

Lilifika Takaoka mwezi wa pili, theluji ikiwa magotini,
sanduku jeusi, zito kama mtoto wa miaka miwili aliyelala.
Tulilipandisha wawili, mimi na Shinozuka wa ghalani,
naye akasema, akipangusa jasho katikati ya baridi:
"Hili halitafuti mnunuzi. Linatafuta nyumba yake."

Nikacheka. Nilikuwa bado nauza kwa imani.

Kizuri chajiuza, husemwa; nikaliacha lijiuze.
Na lilikuwa zuri, sitasema uongo:
mvua ya ndani ya gemu, ikinyesha juu ya helmeti ya askari,
ilinifanya nitazame mwavuli wangu ulipo.
Watu walisimama, wakatazama, wakasema, "Aa, kumbe,"
kisha wakashuka kwa lifti hadi ghorofa ya tatu
kununua kile kidogo cha kuchezea ndani ya treni,
kinachozimwa kwa kidole gumba kituo kikifika.

Bi Kuwabara alikuja na uzi wa kufumia wenye mafundo mawili.
Fundo la kwanza, ukuta. Fundo la pili,
pale inapoanzia madhabahu ya mumewe.
Alitaka kumfurahisha mjukuu.
Tukaunyoosha uzi juu ya sanduku, mimi huku, yeye kule.
Sanduku likalipita fundo kwa vidole vitatu.
"Siwezi kumsogeza," akasema.
"Amekaa pale miaka kumi na moja."
Akauviringisha uzi, akaniomba radhi,
kana kwamba mumewe ndiye aliyenikosea.

Reiji, mwana wa muuza tofu, alilinunua.
Siku ya tisa akalirudisha, limefungwa vizuri kuliko kiwandani.
Nikadhani ni vitufe. Kwetu duara ni ndiyo:
mwalimu huzungushia jibu sahihi kwa kalamu nyekundu
tangu darasa la kwanza, na msalaba ni hapana.
Mashine ile ilikuwa imelelewa kinyume.
"Si vitufe," akasema. "Vidole hujifunza.
Ila ninaocheza nao wanaamka mimi ninapolala.
Nilimshinda joka saa nane usiku.
Asubuhi darasani, nimsimulie nani?"

Kila baada ya miezi mitatu alikuja Bwana Tolliver,
kutoka makao makuu, na kompyuta iliyojaa mistari inayoshuka.
Walipunguza bei. Walilipaka rangi nyeupe.
Waliajiri sauti ya msichana ituamkie kwa Kijapani
kilichonyooka mno, kama shati lenye pini bado kolani.
Akaniuliza, mwaka wa pili, macho mekundu kwa safari:
"Mnakichukia kitu cha mgeni?"
Nikatazama mezani. Mkate. Kahawa. Tai shingoni mwangu.
Vyote vilitoka mbali, vikakaa,
hata hatukumbuki nani alivifungulia mlango.
Ningemwambia kuhusu ule uzi.
Badala yake nikasema, "Tutalitafakari,"
naye akaandika, kwa furaha: wanatafakari.
Hakujua kwamba kwetu neno hilo
ni mlango unaofungwa taratibu, usimgonge mtu.

Wala sina hakika kuwa uzi ndio jibu.
Wapo waliokuwa na nafasi tele, nao hawakununua.

Mwaka wa tatu rafu ikapewa majiko ya umeme ya kupikia wali.
Shinozuka, mgongo sasa unamuuma,
alinisaidia kulishusha lile la maonyesho,
nikalipeleka nyumbani, chumba cha mikeka minne na nusu.
Nilihamisha kabati la viatu. Nilihamisha godoro.
Usiku nikaliwasha, mvua ile ikaanza,
na yule msichana, kwa adabu zake zote za pasi,
akauliza kama ningependa kuendelea.

Nikabonyeza duara.
Kioo kikawa cheusi.

Nikawasha tena.