Kupima Asali

Bwana wa semina kaja Tabora na suti,
hatua saba za furaha, elfu kumi kijitabu.
Alicheka kwa ratiba, kila baada ya hatua.

Mihayo, anayeziba pancha karibu na stesheni,
yeye hugawa vichekesho bure,
na juzi, akisimulia mkewe alivyomkimbia na baiskeli ya mteja,
alicheka hadi akashindwa kumalizia.
Sikujua nimpe pole au nicheke.

Mimi nauza asali ya Sikonge.
Ya kweli naijua: idondoshee majini,
inazama nzima, haina haraka.
Ya sukari huyeyuka ikijisifu.

Kijitabu nilinunua, sikatai.
Ukurasa wa nne umegandana na wa tano kwa asali;
nimeishia hapo.